Kurunzi kwanza au fereti kwanza: kumwanzisha Lurcher mchanga katika uwindaji wa sungura

Anayemlea Lurcher katika mashamba ya Uingereza au Wales hulazimika kufanya uamuzi mmoja mkubwa mbwa wake anapokaribia kutimiza mwaka. Anaweza kumtoa usiku wa giza na upepo, akamwonyesha sungura ndani ya mwanga wa kurunzi na kumwachia amfukuze. Au anaweza kumpeleka mchana kwenye mashimo ya sungura, akamzoesha kusimama kimya wakati fereti, mnyama mdogo wa jamii ya vicheche anayefugwa kwa kazi hiyo, anaingia chini ya ardhi kuwafurusha. Wengi wanaouliza swali hili wanataka hatimaye kuwa na mbwa wa kurunzi, na makala haya yanachukulia kwamba hilo ndilo lengo. Kinacholinganishwa hapa ni mwanzo tu: ni njia ipi kati ya hizi mbili inayomfaa mbwa katika msimu wake wa kwanza, ikiwa mwaka unaofuata anatarajiwa kufanya kazi usiku bila kubweka, bila kukata tamaa na akiwa na miguu mizima.

Lurcher si aina ya mbwa inayotambuliwa na klabu ya usajili ya Uingereza. Ni chotara wa mbwa wa mbio anayewinda kwa macho, kama Greyhound, Whippet, Saluki au Deerhound, na mbwa wa kazi, mara nyingi Collie (mbwa wa kuchunga kondoo) au Bedlington (mmoja wa Terrier, mbwa wadogo wa kuwinda). Kwa mzazi mmoja huchukua kasi, kwa mwingine huchukua akili, ngozi ngumu, pua au ubishi, na mchanganyiko huo hautoki sawa hata kwa ndugu wa uzao mmoja. Ndiyo maana ushauri uliomfaa mbwa wa jirani unaweza kumharibu wa kwako, na ndiyo maana nitarudi kwenye suala la damu baada ya kuzipitia njia zenyewe.

Sheria hubana zaidi usiku

Sheria ya uwindaji ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005 katika Uingereza na Wales, inakataza kuwinda mamalia wa porini kwa mbwa, lakini inawaacha nje panya na sungura wanaoishi mashimoni, mradi mwindaji awe kwenye ardhi yake au awe na idhini ya mwenye ardhi. Yule sungura mkubwa wa nyikani mwenye miguu mirefu, ambaye hachimbi shimo bali hulala juu ya ardhi, hayumo katika msamaha huo. Kumfukuza kwa mbwa ni kosa, na mwaka 2022 adhabu za makosa ya namna hiyo ziliongezwa makali. Uskoti ina sheria yake ya mwaka 2023 ambayo inawagusa hata sungura wa mashimoni, kwa hiyo yanayofuata yanahusu kusini ya mpaka. Wala msomaji wa Afrika Mashariki asiyachukue kuwa mwongozo wa kwao: Kenya, kwa mfano, ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama kwa burudani tangu mwaka 1977.

Kupata idhini si vigumu kama mtu anavyodhani, kwa kuwa tangu sheria ya mwaka 1954 mwenye shamba ana wajibu wa kudhibiti sungura wanaoharibu mazao, na mwindaji mwenye adabu humwondolea mzigo huo. Tofauti inakuja katika namna idhini hiyo inavyotumika. Mtu aliyepiga magoti kando ya kichaka saa nne asubuhi akiwa na nyavu, sepetu na sanduku la fereti hamshtui mpita njia yeyote. Mwanga unaozunguka malishoni saa tano usiku humshtua kila mtu, hasa katika wilaya zinazosumbuliwa na majangili, na sheria ya ujangili wa usiku ya mwaka 1828 bado inatumika kwa anayechukua sungura usiku kwenye ardhi ya watu bila ruhusa. Kwa hiyo anayechagua kurunzi anahitaji barua ya idhini mfukoni, simu kwa mwenye shamba kabla ya kila usiku, na jirani wa shamba la pili ajulishwe. Mtu asiyetaka usumbufu huo wote tayari amekwisha kupata jibu lake.

Kurunzi inafundisha nini

Sungura hutoka kula jioni, na usiku wenye giza, upepo na manyunyu husogea mbali na mashimo yao hadi katikati ya malisho. Usiku wa mbalamwezi, au usiku mtulivu wa baridi kavu ambapo kila hatua husikika juu ya nyasi zilizoganda, haufai: watakuwa wamefika vichakani kabla kurunzi haijawashwa. Mwindaji hutembea upepo ukimpiga usoni, akijitahidi kupita kati ya sungura na ukingo wa vichaka yaliko mashimo, kisha huwasha kurunzi kwa sekunde chache na kuupitisha mwanga taratibu juu ya nyasi. Macho ya sungura hurudisha nuru nyekundu iliyofifia, chini kabisa karibu na ardhi. Macho ya kondoo yako juu zaidi, hung'aa kwa ukijani, na huja mengi kwa pamoja.

Sungura anayemfaa mbwa mchanga ni yule aliyejibana. Masikio ameyalaza mgongoni, kidevu kimegusa nyasi, mwili mzima umekuwa kama bonge la udongo lililoachwa na jembe, na yeye anaamini kwamba hajaonekana. Mwenye mbwa humsogelea polepole, mwanga ukiwa juu ya sungura na si juu ya mbwa, hadi umbali wa mita 20 au pungufu. Hapo husimama na kungoja mpaka masikio ya mbwa yasimame na shingo yake ivute kamba, dalili kwamba naye amemwona, ndipo huachia ncha moja ya kamba iteleze kwenye pete ya ukanda, bila kusema neno. Mbwa akikamata, mwanga hushushwa miguuni mwa mwindaji ili mnyama apate pa kurudia bila kupofushwa. Akikosa, na sungura akazama kichakani, kurunzi huzimwa papo hapo, kwa sababu mbwa anayeendelea kumulikiwa ataendelea kutafuta, na polepole atajifunza kwamba mwanga ni ruhusa ya kuzurura.

Nguvu ya njia hii iko katika jambo moja: mchaguzi ni mtu. Mbwa yuko kwenye kamba muda wote isipokuwa zile sekunde chache za mbio, na mwindaji anaweza kukataa kila sungura aliye mbali, anayekimbia tayari, au aliye karibu mno na waya. Anaweza kumpa mbwa sungura wawili au watatu wepesi na kurudi nyumbani, na mbwa akalala akiamini kwamba kila anachokifukuza hukamatika. Hakuna njia nyingine inayojenga imani hiyo kwa haraka kiasi hicho, na kwa mbwa mwenye woga au aliyechelewa kukomaa kiakili, imani ndiyo nusu ya kazi.

Haraka hiyohiyo ndiyo hatari yake. Usiku mzuri sungura huwa tele, na mwenye mbwa hujiambia kwamba mmoja zaidi hana madhara. Kufikia mbio za tano au za sita, mbwa wa miezi 11 hana tena pumzi. Anamkosa sungura ambaye saa moja kabla angemchukua, anarudi akihema, anaachiwa tena kabla mapigo ya moyo hayajatulia, anakosa tena. Kutokana na usiku wa namna hiyo huzaliwa kasoro mbili ambazo kila mtu wa Lurcher huziogopa. Ya kwanza ni kubweka wakati wa kufukuza. Mara nyingi chanzo chake ni hasira ya kushindwa kufikia, ijapokuwa damu ya Terrier au ya Collie huongeza uwezekano wake, na mbwa aliyezoea kupiga kelele usiku ni vigumu mno kumrudisha, huku malisho mazima yakiwa yamekimbiwa na sungura baada ya mbio za kwanza. Ya pili ni kuacha njiani: mbwa hupunguza mwendo katikati ya mwanga, husimama, hugeuka na kumtazama mwenyewe. Wengi husema mbwa wa hivyo hana moyo. Mimi nadhani, katika visa vingi, alikuwa nao, ukamalizwa kabla mifupa haijafunga.

Kuhusu mifupa, jambo hili si la mjadala. Sehemu laini za ukuaji kwenye ncha za mifupa ya miguu hubaki wazi kwa sehemu kubwa ya mwaka wa kwanza, na kwa mbwa wakubwa huchelewa zaidi. Chotara wa Whippet anaweza kuanza mbio za usiku akiwa na mwaka mmoja. Chotara mkubwa wa Greyhound au Deerhound hupoteza chochote kwa kungoja? Sioni. Miezi 15 hadi 18 si uvivu kwake. Na mbio za usiku si mbio za kawaida, kwa kuwa Greyhound safi hukaribia kilomita 70 kwa saa na Lurcher hayuko nyuma sana, naye anatazama sungura tu, hatazami seng'enge, hori la kulishia kondoo wala jembe la trekta lililosahauliwa kwenye nyasi ndefu. Kila konde linalomulikwa usiku sharti liwe limetembewa mchana, ukingo hadi ukingo. Vidole vilivyoteguka na kucha za pembeni zilizong'oka ndiyo majeraha ya kawaida. Shingo iliyovunjika kwenye waya ndiyo lile ambalo watu hawapendi kulizungumza.

Mashimo yanafundisha nini

Kazi ya fereti huanza mbwa akiwa hajafukuza chochote. Huletwa kwenye ukingo wenye matundu mengi, baadhi yana udongo mbichi na vinyesi, mengine yamefunikwa na utando wa buibui, naye huachwa apite juu yake taratibu akitumia pua. Mbwa anayejifunza vizuri hufika kwenye tundu fulani akasita. Huingiza pua, hutoa, huinamisha kichwa upande, mguu mmoja wa mbele ukiwa umeinuliwa nusu, na mkia ulionyooka huanza kutikisika kidogo kwenye ncha tu. Hapo sungura yumo. Mwenye mbwa huweka nyavu ndogo zenye uzi wa kujifunga juu ya matundu, humwacha fereti jike aingie, kisha wote wawili, mtu na mbwa, hukaa kimya. Inaweza kuwa dakika mbili, inaweza kuwa dakika 40. Mara ardhi hutoa mshindo mdogo wa miguu, mbwa hugeuza macho kuelekea tundu ambalo mtu hakulifikiria, na sungura hulipuka ndani ya wavu. Yule anayepitia tundu lisilo na wavu ni wa mbwa.

Katika nusu siku ya kazi hiyo, Lurcher mchanga hukimbia kidogo sana na kufikiri sana. Hujifunza kwamba ukimya hulipa, kwa kuwa anayelia au kukwaruza matundu huwafanya sungura waogope kutoka. Hujifunza kutumia pua, ambayo kurunzi haimwombi hata kidogo. Hujifunza kuwa karibu na mtu wake kwa saa nyingi, mikono, sauti na hali ya hewa zikiwa jambo la kawaida. Na jambo ambalo halisemwi vya kutosha: huona kifo cha sungura kikifanywa na mkono wa mtu kwa utulivu na upesi, na huzoea kwamba windo ni la kuletwa mkononi, si la kugombaniwa.

Lakini njia hii nayo ina gharama zake, na watetezi wake huzificha. Sungura anayetoka shimoni hukimbia kwa kasi yake yote tangu hatua ya kwanza, katika eneo lake, na mara nyingi ana mita kumi tu za kwenda hadi tundu jingine. Mbwa mchanga atamkosa mara nyingi kuliko atakavyompata, na kwa mnyama mwenye hamu kubwa na subira ndogo, asubuhi nzima ya kukosa humfundisha kulia kwa uchu, kasoro ileile tuliyotaka kuikwepa. Wapo wanaojifunza kuwang'ata sungura waliokwisha kunaswa wavuni, na tabia ya mdomo mgumu, yaani kuponda windo kwa meno, ikianza huko, haiishii huko. Mwengine humuua fereti. Kosa hilo huwa ni la malezi, kwa kuwa mtoto wa mbwa aliyelelewa akiwaona fereti kila siku tangu wiki zake za mwanzo huwahesabu kuwa wa nyumbani, ila asiyekuwa nao nyumbani hana namna ya kumpatia mazoea hayo kwa siku moja.

Tena kuna msimu. Kazi hufanyika zaidi kati ya Oktoba na mwisho wa Februari, majani yakiwa yamekwisha kuanguka na matundu yakionekana. Mimba ya sungura ni ya mwezi mmoja hivi, na majira ya kuchipua yakianza mashimo hujaa watoto. Fereti huua chini kwa chini, hushiba, hulala hukohuko, na mchana wako unaishia kwenye sepetu. Kola ya redio anayovishwa fereti husaidia kumtafuta, lakini haimfukui.

Zinapokutana na zinapoachana

Tukiziweka bega kwa bega, tofauti kubwa si idadi ya sungura. Usiku mmoja mzuri wa kurunzi unaweza kuleta sungura wengi kuliko siku nzima ya nyavu, lakini katika msimu wa kwanza idadi haina maana, na anayeihesabu tayari amekwisha kukosea njia. Tofauti ya kwanza ni kwamba kosa la mchana huonekana, na la usiku halionekani. Mbwa akimtazama kondoo vibaya mchana, mwenyewe anaona na kumkemea papo hapo. Usiku, nje ya mwale, anaweza kuwa amekwisha kumfuata kondoo kabla hujajua alipo. Sheria ya ulinzi wa mifugo dhidi ya mbwa ipo tangu mwaka 1953, na mkulima anaweza kumpiga risasi mbwa anayesumbua kondoo wake. Kwa hiyo mazoea ya kondoo yafanyike mchana kwanza, katika njia zote mbili, kisha yarudiwe usiku kwa kurunzi na kamba kabla ya kumwachia mbwa hata mara moja. Mbwa mtulivu kati ya kondoo adhuhuri si lazima awe mtulivu anapoona macho yao yakiwaka gizani.

Tofauti ya pili ni mwelekeo wa mabadiliko. Mbwa aliyeanzia mashimoni huingia kwenye kurunzi bila shida kubwa. Humhitaji mtu amwonyeshe mara chache kwamba sungura yuko mwishoni mwa ule mwanga, na kasi ya damu yake inafanya mengine. Aliyeanzia kwenye kurunzi, akiletwa mashimoni mwaka wa pili, mara nyingi husimama akimtazama mwenyewe, akingoja kuonyeshwa. Mchana amezoea kutokuwa na kazi. Pua yake ipo, lakini hajawahi kuihitaji. Wapo wanaojirekebisha, hasa wenye damu ya Bedlington au Collie, lakini ni kazi ya msimu mzima.

Katika kuleta windo mkononi, kurunzi ina nafasi nzuri zaidi kuliko wengi wanavyokubali. Giza humfanya mbwa apende kurudi, mwanga miguuni mwa mtu ni kama njia iliyochorwa, na hakuna wavu wala mbwa mwingine wa kumchanganya. Kando ya mashimo, mbwa aliyekamata hatua tatu kutoka kwako hana mahali pa kuleta, huishia kusimama na sungura mdomoni huku wewe ukiangalia tundu jingine. Kwa vyovyote vile, somo la kuleta lifundishwe nyumbani kuanzia miezi minne kwa mfuko mdogo wa kitambaa, baadaye uliovikwa ngozi ya sungura, mara tatu au nne kwa siku na si zaidi, kwenye ujia usio na pa kukimbilia. Anayelisubiri shambani amechelewa.

Kuhusu mwili, mchana humchosha mbwa kwa baridi na usiku humchosha kwa joto. Lurcher mwenye manyoya mafupi akikaa saa tatu kwenye upepo wa Januari hutetemeka mpaka akapoteza umakini, na koti la mbwa si anasa. Usiku, kinyume chake, mbio chache kali hupandisha joto la misuli upesi. Mbwa asiye na mazoezi anayekimbizwa kupita kiasi anaweza kuharibika misuli hadi mkojo ukawa wa kahawia, na huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo usiku uleule. Njia zote mbili humwachia minyoo tegu akila matumbo ya sungura, kwa hiyo matumbo yasiachwe mahali anapofika na dawa ya minyoo itolewe kwa ratiba.

Damu ya mbwa na sura ya ardhi

Chotara wa Bedlington na Whippet ni mdogo, hugeuka upesi, ana pua na anapenda vichaka. Huyo ni wa mashimoni kwanza, karibu bila swali, na akija kwenye kurunzi atafanya vizuri kwenye makonde madogo yenye kingo za karibu. Mwenye damu nyingi ya Collie hujifunza haraka kuliko wote, jambo linaloonekana zawadi mpaka ukumbuke kwamba hujifunza na mabaya kwa kasi hiyohiyo. Naye aanzie mchana, akili yake ipate kitu cha kutafuna. Mwenye damu nyingi ya Greyhound ana kasi inayolingana na sungura mwepesi wa usiku, hana hamu kubwa ya kusimama kando ya tundu kwa dakika 40, na ngozi yake hupasuka kwenye miiba. Kwake ningeelekea kwenye kurunzi moja kwa moja, baada ya kukomaa. Damu ya Saluki huchelewa, hukasirishwa na marudio, na hudharau mbio fupi. Mpe muda, mchana au usiku, na usimpe sungura wa kukosa.

Ardhi, hata hivyo, inaweza kupindua yote hayo. Ugonjwa wa miksomatosi ulioingia Uingereza mwaka 1953 uliwaua sungura karibu wote kwa miaka michache, na homa ya kutoka damu iliyofika mwaka 1992, pamoja na aina yake mpya iliyofuata, imefanya sungura waadimike katika wilaya ambazo zamani walihesabiwa kwa mamia. Palipo na sungura wachache wanaoishi vichakani na kula hatua mbili kutoka shimoni, kurunzi haina sungura waliojibana wa kumpa mbwa mchanga. Atapewa mbio ngumu tu. Hapo fereti ndiye mwalimu pekee wa haki. Palipo na malisho mapana, nyasi zilizolika chini na sungura wanaotoka mita 100 na zaidi, kurunzi inakuwa shule nzuri. Na hapa niseme jambo moja kuhusu sungura mgonjwa wa miksomatosi, macho yamevimba, ameketi wazi ndani ya mwanga: hamdhuru mbwa, na kummaliza ni huruma, lakini afanye hivyo mtu au mbwa mkubwa. Mbwa mchanga akipewa wagonjwa watatu atadhani sungura wote ni wa mwendo huo, na mzima wa kwanza atamshangaza vibaya.

Gharama nazipita upesi. Kurunzi za zamani zilitegemea betri nzito ya pikipiki begani na balbu iliyopata moto. Za LED za siku hizi zenye betri ya lithiamu ni nyepesi, na kosa la kawaida ni kununua yenye nguvu mno, inayomulika konde la jirani na kumwamsha kila sungura. Mwale mwembamba unaofika mita 150 unamtosha mbwa mchanga na ziada. Fereti ni rahisi kununua na ghali kutunza, kwa sababu anakula nyama kila siku ya mwaka, pamoja na miezi saba asiyofanya kazi.

Ningechagua hivi

Kwa mwenye Lurcher wa kwanza, ambaye anaweza kupata fereti wake au mzee wa jirani mwenye fereti, na mbwa asiyekuwa Greyhound karibu mtupu, nachagua mashimo kwanza, kuanzia vuli hadi Februari, kisha kurunzi katika wiki chache za giza zinazobaki kabla nyasi hazijarefuka. Sababu yangu kubwa si mbwa, ni mtu. Shimoni ni vigumu kuzidisha. Hata ukitaka mbio kumi, ardhi haikupi. Kwenye kurunzi kinachomlinda mbwa ni uamuzi wa mtu aliyesisimka, saa nne za usiku, akiwa na betri iliyojaa. Ambaye anajijua kwamba anaweza kuondoka kwenye konde lenye sungura 15 waliojibana baada ya mbwa kukamata wawili, huyo anaweza kuanza na kurunzi na asijutie, kwa sharti kwamba mbwa amekomaa, amekwisha kufundishwa kuleta, na hamjali kondoo.

Njia yoyote iliyochaguliwa, usiku wa kwanza wa kurunzi usiwe na windo. Mtembeze mbwa kwenye kamba, washa na uzime, aone sungura wakikimbia bila yeye kuachiwa, na mwanga upoteze ugeni wake. Usiku wa pili au wa tatu mpe mmoja aliyejibana, na akimpata, rudi nyumbani hata kama ni saa mbili usiku. Akimkosa, mpe mmoja mwepesi zaidi baada ya kumwacha apumue hadi mdomo ufunge, kisha rudi nyumbani vilevile. Wawili kwa usiku hadi mwisho wa mwezi wa kwanza, na wanaokimbia tayari wasubiri mpaka waliojibana wawe jambo la kawaida kwake. Siku atakayotoa sauti ya kwanza katika mbio, hata mlio mmoja mdogo, zima kurunzi, mfunge kamba, na usimtoe tena usiku msimu huo. Mrudishe mashimoni au umwache atembee tu, na ujaribu upya vuli inayofuata akiwa na miezi mingine sita ya kasi miguuni.